Daraja Lililopakwa Rangi

Kamati ya fedha ya mji ule haikuwa na tabia ya kusoma. Ilikuwa na tabia ya kutazama. Ungeweza kuandika ripoti mpaka vidole vife ganzi, ukaipamba kwa michoro na kuipiga mihuri, na bado ingelala mezani ikila vumbi. Lakini siku waheshimiwa walipopanda gari wakaja kuona kwa macho yao, hapo ndipo fungu la matengenezo lilipopatikana au kukosekana. Ziara yenyewe ilikuwa mara moja tu kwa mwaka, kabla ya kikao cha bajeti.

Na watu si wajinga. Wakuu wa idara walikuwa wameshaielewa tabia hiyo, na wiki ya ziara ilipokaribia, mji mzima ulivaa matambara. Msimamizi wa soko aliacha taka zirundikane mpaka nzi wakaitana. Mkuu wa zimamoto alichomoa betri ya gari lake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akawaamuru vijana walisukume mbele ya waheshimiwa huku wakihema na kugumia. Mwaka mmoja mganga wa zahanati alipanga ndoo sakafuni eti kukinga maji ya paa, siku ambayo hata wingu halikuwapo, na paa lenyewe lilikuwa zima. Alipewa mabati mapya, na anayebisha akamuulize.

Mkuu wa ujenzi hakuiweza michezo hiyo. Watu walimwita Nondo tangu ujana wake, kwa wembamba wake na kwa kutembea wima kama amemeza fimbo, na jina likamganda mpaka ofisini. Si kwamba alikuwa malaika. Uongo ulikuwa unamtoa jasho puani tu, na mweka hazina wa mji alikuwa mama mwenye macho makali. Mama huyo alikuwa na mkono wa birika kweli kweli. Ombi lolote lilipomfikia alijibu "hakuna" kabla hujamaliza salamu, ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Bibi Hakuna, naye alijua na wala hakujali.

Mwaka huu, hata hivyo, Nondo hakuhitaji kuigiza. Alikuwa na kitu kibovu cha kweli.

Kilikuwa daraja la miguu. Lilivuka korongo lililoukata mji vipande viwili: upande huu soko, ofisi na hospitali, upande wa ng'ambo shule na nyumba za watu wengi. Asiyetaka kulitumia alilazimika kuzunguka kwa barabara ya magari, safari ya kumtoa mtu ulimi. Kwa hiyo kila kitu kilipita hapo. Watoto walipita, wagonjwa walipita, na mikokoteni ya maji na saruji nayo ilipita, ingawa daraja lilijengwa kwa ajili ya watu peke yao.

Asubuhi moja Nondo alishuka chini yake na tochi na bisibisi. Kutu ilikuwa imejitokeza kwenye mihimili, imechanuka magamba kwa magamba. Akachomeka bisibisi kwenye mhimili wa kwanza ili apime unene wa kutu, nayo ikazama mpaka kwenye mpini kama inaingia kwenye papai. Akaenda kwenye mhimili wa pili huku akijiambia haiwezekani. Iliwezekana. Juu ya kichwa chake watoto wa shule walikuwa wanakimbia, mbao zikipiga kelele, na roho ikamruka. Alikaa pale kwenye mawe, hajui kama anaomba au anahesabu, mpaka mtoto wa mwisho alipovuka.

Kulifunga daraja papo hapo hakuwa na mamlaka. Kufunga njia ya umma kulitaka azimio la baraza, na baraza lingemuuliza watu wapite wapi, angani? Akalipima jambo, akaona njia. Alhamisi kamati ingekuja. Ikiona magamba yale kwa macho yake hakuna wa kubisha: daraja lingefungwa kwa azimio la dharura, na fungu la mihimili mipya lingetengwa. Akawaita vibarua wa idara yake.

"Mtu asiguse kitu pale darajani," aliwaambia. "Asifagie, asipigilie hata msumari. Iacheni kutu ijitetee yenyewe."

Jioni, akirudi nyumbani, alimpitia dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Nondo akiwa bado wa kaptula, na dada, ambaye naye alikuwa msichana tu, akaketi kwenye cherehani ya marehemu na hakuinuka tena. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye miwani na goti bovu. Alishona sare za shule barazani kwake, hatua chache kutoka darajani, na mtaa mzima ulimwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Uongozi hakuwa nao, lakini hakuna jambo lililokwenda mtaani pale bila yeye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda tena wewe. Mkeo hakulishi, au unakula huku unakimbia?"

"Ananilisha, dada. Sikia, nina habari. Alhamisi kamati nzima inakuja hapa darajani kwenu. Mwenyekiti mwenyewe atakuwapo."

Cherehani ikasimama. "Mwenyekiti? Hapa kwetu? Anakuja kufanya nini?"

"Kukagua. Si ni mambo ya idara yangu? Yakienda vizuri mtafurahi wenyewe."

"Alhamisi hii?"

"Hii hii."

Hakuongeza neno. Akanywa chai, akataniwa kuhusu shati lake lililokosa kifungo, akaenda zake kwa furaha. Hapa ndipo mtu anatamani kumvuta sikio. Maneno aliyowapa vibarua hakumpa dada yake, kwa sababu hakufikiri yanamhusu. Kwake yeye daraja lilikuwa chuma cha halmashauri. Alisahau kwamba kwa watu wa ng'ambo lilikuwa mlango wa mbele wa nyumba zao, na alikuwa ametoka kuwaambia wageni wanakuja.

Siku zilizobaki Nondo na vibarua wake walikuwa nje ya mji, kwenye barabara za vijijini. Alhamisi, gari la kamati liliposimama kando ya korongo, Nondo alikuwa kiti cha nyuma, amebanwa kati ya diwani mmoja na Bibi Hakuna. Alishuka wa mwisho, kwa hiyo alisikia kabla ya kuona.

"Lo! Hapa pamependeza!"

Daraja lilikuwa jeupe na buluu. Vyuma vya kushikia vilikuwa vyeupe, nguzo buluu, na rangi ilikuwa bado inanukia. Mbao zilizolegea zilikuwa zimepigiliwa, na palipokuwa na tundu paliwekwa ubao mpya uliopigwa randa ukatulia. Njia ilikuwa imefagiwa na kunyunyiziwa maji. Watoto walijipanga pande zote mbili katika sare safi, na mbele yao alisimama Dada katika nguo yake ya kutokea, mikono imejaa madoa ya rangi yaliyokataa kutoka hata kwa mafuta ya taa.

"Karibuni, waheshimiwa," alisema. "Hatuna makubwa. Mtaa umechanga, tukajitahidi kidogo. Huyu mkuu wa ujenzi ni mdogo wangu, toka nitoke. Tukasema wageni wake wasije wakakuta uchafu, wakadhani hafanyi kazi."

Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mnene, mwingi wa maneno na mwepesi wa kuguswa moyo. Siku ile aliguswa mpaka akavua miwani akaifuta. "Jamani, huu ndio mfano!" alisema. "Tumetoka zimamoto, gari linasukumwa. Tumetoka sokoni, nzi. Kila mahali tunalizwa. Halafu hapa wananchi, bila kugusa senti ya halmashauri, wanafanya hivi!"

Bibi Hakuna hakuguswa na kitu. Alifungua kabrasha lake, akamgeukia Nondo. "Hili ndilo daraja ulilosema kwenye ombi lako kwamba linaoza?"

"Ndilo, mama. Shida iko chini, kwenye mihimili."

"Basi tuone chini."

Mwenyekiti mwenyewe alisogea ukingoni, akajishika kiuno, akachungulia. Nondo akachungulia naye. Vijana wa mtaa walikuwa wamejifunga kamba wakaingia mpaka huko. Magamba yote ya kutu yalikuwa yamekwanguliwa, matundu yamezibwa kwa gundi ya mbao, na mihimili imepakwa buluu mara mbili mbili mpaka inang'aa.

"Hata chini!" alishangaa Mwenyekiti. "Nani mwingine anapaka rangi mahali pasipoonekana? Mama, wewe umewafunza watu."

Dada akacheka kwa haya, akaziba mdomo kwa ile mikono yenye madoa. Nondo hakuwa amewahi kumwona akisifiwa mbele za watu. Maisha yake yote alikuwa wa kusifia wengine na kuwapindia nguo. Bibi Hakuna alikuwa bado anamtazama, anangoja. Ilitosha Nondo kuomba bisibisi kutoka kwenye gari. Ilitosha kusema, waheshimiwa, rangi hii imefunika ugonjwa. Lakini angeyasema mbele ya wale watoto na majirani walioshinda juani na brashi, na uso wa dada yake ungeshuka pale pale mchana kweupe. Alimpenda mno dada yake, na mapenzi hayo yakamfunga mdomo wakati mbaya kuliko wote.

"Naona pamefanyiwa kazi," alisema.

"Kwa hiyo halina haraka." Bibi Hakuna akaandika.

"Tutazungumza ofisini, mama," Nondo alisema kwa sauti ya chini, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuwashika watoto mikono, mmoja mmoja.

Kesho yake Nondo aliingia kwa Bibi Hakuna na kufunga mlango nyuma yake.

"Mama, ile rangi ni danganya toto. Mihimili imeoza. Niliitoboa kwa mkono wangu."

Bibi Hakuna alifunga kabrasha lake. "Na jana ulikuwa wapi? Kamati nzima imeinama na vitambi vyake, imechungulia, imeona buluu. Sasa mimi nikawaambie nini, kwamba mkuu wa ujenzi ameota?"

"Turudi nao pale. Nitawaonyesha."

"Ziara imekwisha, na mafuta ya gari yamekwisha nayo. Lakini nitakwambia la kufanya." Akainama mbele, sauti ikalainika kidogo. "Simama kwenye kikao cha bajeti. Sema wazi kwamba wananchi walifunika ubovu bila kujua, na kwamba uliuona kabla. Sema hivyo mbele ya Mwenyekiti, nami nitakuunga mkono. Nitakutafutia fungu hata kama ni kwa kukwangua sufuria."

"Wataandika jina la dada yangu."

"Wataandika kilichotokea."

"Nipe muda nifikiri, mama."

"Fikiri," alisema Bibi Hakuna. "Ila ufikiri upesi."

Alifikiri, tena sana, na kadiri alivyofikiri ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Kwenye kikao Mwenyekiti alisimulia habari za daraja kwa madoido, akaongeza na chumvi yake. Alisema wale watoto waliimba, wakati hakuna aliyeimba. Kisha akapendekeza kwamba, kwa kuwa watu wa ng'ambo wameonyesha wanaweza kujitunza, fungu lililoombwa kwa ajili yao liende kujenga lango la kuingilia mjini, lango la kisasa lenye taa na neno "Karibuni". Nondo akainuka. Bibi Hakuna akaweka kalamu chini ili amsikilize.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nasema tu kwamba daraja lile bado linahitaji uangalizi."

"Uangalizi!" Mwenyekiti alicheka. "Uangalizi si tumeuona kwa dada yako? Au unataka tumwajiri yeye, wewe tukuhamishe?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nondo naye akacheka, akaketi. Bibi Hakuna hakucheka, akachukua kalamu yake na kuandika kama walivyoamua.

Kilichobaki ndani ya uwezo wa Nondo kilikuwa kibao. Akachora viwili vizuri, herufi nyekundu, akavisimika mwenyewe kwenye kingo zote mbili: mikokoteni marufuku. Alipomaliza alijisikia nafuu, kana kwamba amefanya jambo. Dada alitoka barazani akiburuta goti lake, akasoma, akatikisa kichwa.

"Wewe nawe! Daraja zuri namna hii unaliwekea kibao cha kutisha watu?"

"Ni utaratibu tu, dada."

"Utaratibu," alimwigiza, akacheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Na nani angekitii kibao kile? Daraja lilikuwa linang'aa. Watu waliolivuka kwa woga kabla ya rangi, wakishika vyuma na kuangalia wanapokanyaga, sasa walilivuka wakipiga soga. Wasukuma mikokoteni waliokuwa wanazunguka kwa barabara ya magari, kwa kuogopa zile mbao zilizolegea, waliona mbao zimekaza wakarudi. Kila mkokoteni mpya uliopita pale Nondo aliuona kutoka dirisha la ofisi yake lililoelekea korongoni, na kila mara alijiambia kwamba mwaka ujao ataanza mapema. Mwanamume mzima, na hayo ndiyo aliyokuwa anajiambia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza tu. Msukuma mkokoteni mmoja, kijana aliyeitwa Injini kwa jinsi alivyokuwa akinguruma kwa mdomo kila alipoushika mteremko, alikuwa anapeleka mifuko ya saruji ng'ambo. Alifika katikati. Waliokuwa karibu walisema hawakusikia kishindo chochote kwanza, walisikia mlio mfupi tu wa chuma, halafu ule upande wa kulia ukainama na Injini akaondoka na mkokoteni wake, mbao kuukuu na mbao mpya zikimfuata. Bahati ni kwamba watoto walikuwa darasani. Injini alitolewa korongoni yu hai, mweupe kwa saruji, nyonga imevunjika na mguu umekwenda mahali ambapo mguu hauendi.

Mji ukapata la kusema. Na kama ilivyo kawaida ya mji, ukatafuta mtu wa kumsemea. Haukutafuta mbali.

Halmashauri iliitisha mkutano wa hadhara upande wa ng'ambo, kando ya lile daraja lililoinama. Wakubwa walifika kwa barabara ya magari. Ndani ya gari Mwenyekiti alimpiga Nondo goti. "Wewe leo tulia tu," alisema. "Ukinyamaza uko salama. Mimi nitaliweka vizuri." Nondo alisikia mwili unapoa kwa raha, Mungu amsamehe, kabla hajaelewa kilichokuwa kinakwenda kuwekwa vizuri.

"Ndugu zangu," Mwenyekiti alisema kwenye kipaza sauti, "kamati ilifika hapa. Kamati iliinama, ikachungulia. Tulichoonyeshwa ni rangi. Sisemi kulikuwa na nia mbaya. Ila ubovu ulifichwa, na waliouficha mnawajua, maana rangi haikujipaka."

Vichwa vikageuka. Dada alikuwa mbele kabisa, katika nguo zake za kila siku, na pande zake zote mbili palikuwa wazi. Wale walioshika brashi pamoja naye walikuwa wameshajitafutia pembe zao. Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa wala si kwa ndogo, "Ndiyo hayo ya kujipendekeza kwa wakubwa." Dada alimsikia. Alisukuma miwani yake juu puani, akaendelea kumtazama Mwenyekiti kwa adabu, kama mwanafunzi anayekaripiwa na anajua amekosa.

Hilo ndilo Nondo hakuliweza. Angestahimili kumwona akikasirika au akilia. Alivyosimama akikubali, hapana.

"Mwenyekiti, naomba kipaza sauti."

"Subiri kwanza..."

"Naomba kipaza sauti." Akakichukua. Sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka ng'ambo ya korongo. "Mimi nilijua. Niliingia chini ya daraja hili kabla hawa hawajanunua hata brashi, na mihimili ilikuwa imeoza. Siku ya ziara niliulizwa mbele ya watu wote, nikanyamaza. Kesho yake nikanong'ona ofisini. Kwenye kikao nikazungukazunguka. Waliopaka rangi hawakuficha kitu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna kitu. Wa kuwaambia nilikuwa mimi."

"Aliyenong'onezwa ni mimi," Bibi Hakuna alisema kutoka kwenye kiti chake, wala hakusimama. "Na ningeweza kusema. Karani, andika na hilo."

Kelele zikapasuka. Kuna aliyetukana, kuna aliyetaka kuwafikia, na mgambo wakajipanga mbele ya meza. Mwenyekiti alikinyakua kipaza sauti, akatangaza kwamba mkuu wa ujenzi amesimamishwa kazi kuanzia dakika ile, na mkutano ukavunjika watu wakigombana wao kwa wao. Magari ya halmashauri yakaondoka, na hakuna lililomngoja Nondo.

Dada hakuwa amesogea. Nondo akamwendea. Alitegemea, ni aibu hata kulisema, kwamba atamshika mkono.

"Ulijua lini?" Dada aliuliza.

"Kabla ya ile jioni niliyokuja kwako, dada. Asubuhi yake."

"Na siku ya wageni, mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yako. Walikuwa wanakusifu."

Dada alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, na Nondo akaona jinsi alivyochoka. "Mimi nimekulea," alisema. "Nimeaibika kwa ajili yako mbele ya watu wangapi, na sikufa. Hii nayo ungeniachia. Ningeaibika mchana, jioni ingekuwa imekwisha, mtaa ungenitania mwaka mzima, basi. Wewe umeninyang'anya, umekwenda kumtwika Injini."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja, sijamaliza. Tangu siku ile nimekwenda hospitali kila siku. Nampelekea mkewe chakula. Namwomba radhi, namwambia ni mimi, ni rangi yangu. Usiku silali. Na wewe ulikuwa unaniona." Akavaa tena miwani. "Juzi ulinipeleka mwenyewe na gari la ofisi. Ukanishusha getini. Ukaniuliza, utakaa sana?"

Ni kweli Nondo alimpeleka. Alimfungulia mlango wa gari kwa sababu ya lile goti, akambebea na kikapu mpaka kwa mlinzi, na akarudi ofisini akijiona ndugu mwema.

"Twende nikusindikize leo," alisema mwishowe.

"Leo siendi. Nenda wewe."

Akageuka, akaingia barazani kwake. Hakugusa cherehani. Aliketi tu mbele yake, mikono mapajani.

Nondo alizunguka kwa barabara ya magari. Mvua ilimkuta njiani na hakutafuta pa kujikinga. Alipofika wodini alikuwa amelowa chepechepe, na muuguzi alimfokea kwa kuchafua sakafu kabla ya kumwonyesha kitanda. Injini alikuwa amelala chali, mguu umevutwa juu kwa kamba na mzigo wa mawe. Mkewe alikuwa pembeni yake akimmenyea chungwa. Alimtazama Nondo, kisha akatazama nyuma yake mlangoni.

"Dada haji leo?" aliuliza. "Tumemngoja."

"Haji. Nimekuja mimi, mdogo wake. Mimi ndiye mkuu wa ujenzi." Akajisahihisha. "Nilikuwa."

"Karibu. Mwambie dada yako asijisumbue kuja kila siku na goti lile. Tumemwambia, hasikii."

"Shemeji," Nondo alisema. "Kosa alilokuwa anakuja kuliombea radhi si lake. Ni langu. Nilijua daraja limeoza. Nilijua kabla ya rangi."

Siku zote zile za maumivu Injini hakuwa amemlaumu mtu, alikuwa akisema ni kazi ya Mungu na kuwatania wauguzi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukawa unaniona napita?"

"Nilikuwa nakuona kutoka dirishani."

Injini aligeuza uso wake ukutani. Mkewe aliweka chungwa juu ya meza, akafuta mikono kwenye nguo yake polepole, akamtazama Nondo aliyekuwa akichuruzika maji kutoka kwenye shati mpaka sakafuni.

"Yule dada tulimsamehe siku ile ile ya kwanza," alisema. "Wewe itabidi uje tena."